Ramani Niliyoiacha Ukutani

Siku ya kuniaga mlinipa leso mbili na keki ambayo mliila wenyewe kwa sababu ya sukari yangu, kisha Wanjala, kijana aliyerithi meza yangu, akasema, "Madam, kabla uende kabisa, tuandikie vile ulikuwa unafanya hizi warsha, ndio tusianze na ziro." Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Mwongozo mnao tayari, na nusu yake niliuandika mimi, kwa hiyo sitaurudia hapa. Nitaandika yale ambayo hayamo, na moja kati ya hayo ni kosa ambalo sijapata kulitia katika ripoti yoyote.

Mimi ni mtu wa Butula. Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi hii ya kuzunguka shule za sekondari kutoka Butula hadi Angurai, kando ya mpaka wa Uganda, nikifundisha kile ambacho barua zetu hukiita uraia wa dunia. Wazazi walikiita "hiyo klabu ya Madam Nabwire." Walinzi wa lango la shule hawakukiita chochote, walitaka tu niandike jina kwenye daftari na nieleze ndani ya sanduku kuna nini.

Warsha yangu ya kwanza niliifanya karibu na nyumbani. Mwongozo uliotoka Nairobi ulikuwa na picha za barafu inayoyeyuka na dubu mweupe, nami nilieleza habari za huyo dubu kwa saa nzima mbele ya kidato cha pili. Walinisikiliza kwa ile adabu ambayo ingefaa kumtia mwalimu yeyote hofu. Mwishoni msichana mmoja alinyoosha mkono. "Madam, hiyo dunia iko mbali. Sisi tukienda Busia na ndizi tunavukanga ng'ambo na kurudi. Hiyo nayo inahesabiwa?" Nikamwambia ndiyo, inahesabiwa, kisha nikarudi kwa dubu. Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo naona aibu.

Aliyenitoa kwa dubu alikuwa Mwalimu Okiring. Alikuwa amefundisha jiografia upande wa Angurai, na ofisi ilimchukua anisaidie katika shule za Teso kwa kuwa mimi Kiteso changu kiliishia kwenye salamu. Alikuja siku ya kwanza na pakiti ya chaki mfukoni na kitambaa cha kupangusia miwani, basi. Nilimwuliza vifaa vyake viko wapi. Akasema, "Si wanafunzi wapo?"

Alisukuma madawati hadi ukutani, akachora mstari mmoja mrefu wenye kona sakafuni, akasema huo ni mto Malaba. Kisha akawaomba wanafunzi wasimame mahali walipolala jana. Karibu wote wakasimama upande wa Kenya, wakichekana. Akasema, sasa simameni mahali vitovu vyenu vilizikwa. Watu wakaanza kuvuka mstari. Akasema, sasa simameni walipolala wafu wenu. Hapo kicheko kiliisha. Wengine walisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, na kila mmoja akaandika miguuni pake, kwa chaki, jina la mtu wake. Ndipo Okiring akaanza kufundisha, kwa sauti ya chini, mpaka ni nini, ulichorwa na nani, na mtu ana deni gani la utu kwa yule anayelala upande wa pili wa mstari. Sijaona somo la uraia linaloanza vizuri kuliko hilo.

Alipomaliza hakufanya muhtasari. Alisema neno moja tu, "Fagieni." Wanafunzi wakaleta maji na mifagio, wakasugua sakafu, naye akasimama mlangoni hadi weupe wa mwisho ukaisha. Alifanya hivyo kila mara, katika kila shule. Mimi nilidhani ni unadhifu wa walimu wa zamani. Siku moja nilitoa simu nipige picha ya mchoro kwa ajili ya ripoti, akaweka kiatu chake juu ya majina. "Ripoti andika na maneno," akasema. Nikajiambia mzee amekuwa mkaidi.

Alinifunza mengine ambayo nawaachia. Usiulize wanafunzi swali ambalo wewe mwenyewe hujawahi kulijibu mbele ya watu. Mwanafunzi akinyamaza, kunyamaza huko ni jibu, usimwokoe haraka. Ukifika shule, msalimie mpishi kabla ya mwalimu mkuu, kwa maana mpishi ndiye anayejua ni nani hakula jana. Mengine nilijifunza kwa kuanguka mwenyewe. Katika shule moja ya Busia mjini nilipanga chai na mandazi ya saa nne katikati ya mwezi wa Ramadhani, nusu ya darasa ikiwa ni watoto wa wafanyabiashara Waislamu. Walikaa wakiniangalia nikinywa. Binti mmoja akaniambia kwa upole, "Madam, kunywa tu, sisi tumezoea." Nilikuwa nimetoka kufundisha mada ya kuheshimu dini za wengine.

Miguu ya Okiring ilipomlemea, alirudi nyumbani kwake na nikabaki na warsha peke yangu. Nikaamua kuboresha. Nilinunua karatasi za manila, kalamu nene za rangi na gundi ya karatasi. Badala ya chaki sakafuni, kila mwanafunzi alichora ramani yake mwenyewe: ulipozaliwa, kitovu kilipozikwa, anayekulea yuko wapi, wafu wako wamelala wapi. Nikaipa jina, ramani ya jamaa. Zilipendeza. Wageni wetu walizipenda, ofisi ilizipenda, nami nilizipenda kuliko wote kwa sababu hatimaye kazi yangu ilikuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipazunguka.

Ilikuwa katika shule moja ya kutwa upande wa Moding, ambayo sitaitaja. Muhula wa pili, kidato cha nne. Kulikuwa na msichana nitakayemwita Asekenye, ingawa si jina lake. Ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani, mkimya, mwenye mwandiko wa kupendeza. Wenzake walipochora, yeye alichora mto, akachora nyumba moja upande wa Kenya, akaweka kalamu chini. Nikapita mara ya kwanza, nikapita mara ya pili. Mara ya tatu nikavuta kiti nikakaa kando yake.

"Umemaliza?"

"Ndio, Madam."

"Na ng'ambo huna mtu?"

Akanyamaza. Nilijua Okiring angeondoka hapo. Mimi nikainama nikamwambia kwa sauti ya mama, "Hapa leo hakuna Mkenya wala Mganda. Wote ni raia wa dunia. Andika ukweli wako, hakuna mtu atakucheka."

Akachukua kalamu tena. Upande wa pili wa mto akachora mti na kaburi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba alizaliwa pale, kitovu chake kiko pale, na mama yake mzazi amezikwa pale tangu yeye akiwa na miaka mitatu. Kwenye ile nyumba ya upande wa Kenya akaandika jina la dada ya mama yake, aliyemlea. Nikamshika bega. Nilisikia raha, ile raha ya mwalimu anayeamini amefungua mlango. Jioni ile nilibandika ramani zote kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya wazazi na mwalimu mkuu alitaka wageni waone.

Miongoni mwa wazazi alikuwamo mwanakamati mmoja wa shule aliyekuwa akilalamika siku nyingi kwamba watoto wa ng'ambo wanachukua nafasi za watoto wetu. Alisimama mbele ya ramani ya Asekenye akaisoma mara mbili, kisha akaipiga picha. Nilimwona. Nilidhani imemfurahisha, hata nikamsogelea kumweleza jinsi zoezi linavyofanywa.

Baada ya siku tatu mwalimu mkuu alinipigia simu. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na kazi yake ilimlazimu kuwa vyote viwili. Nilipofika ofisini alikuwa ameweka vitu viwili mezani: ramani ya manila na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kilisema Asekenye alizaliwa Moding na kwamba mama yake ni yule yule ambaye ramani ilimwita dada ya mama.

"Madam, mtihani umesajiliwa na hii cheti," akasema. "Na yeye mwenyewe ameandika kwa ukuta ati si ukweli. Mwanakamati anataka kupeleka picha kwa ofisi ya elimu. Ikifika huko, jina linatolewa kwa orodha. Na hiyo ni mtihani yake imeenda."

"Yuko darasani sasa?"

"Nimemwambia akae nyumbani kidogo, hii maneno ipoe."

Nilichukua bodaboda hadi kwa huyo mama aliyemlea. Nilimkuta uani akimenya njugu, Asekenye akiwa ndani, hakutoka. Mama hakunipa kiti mara moja, na nilistahili.

"Ni wewe mwalimu wa ramani?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe ulimwambia aandike?"

"Ni mimi."

Akamenya njugu tatu au nne. "Wanasema nilidanganya serikali. Mimi sikudanganya mtu. Dada yangu alikufa, nikavuka nikachukua mtoto, nikamleta kwa mgongo. Ile karatasi iliuliza mama yake ni nani. Nikasema ni mimi. Kwetu dada ya mama ni mama, hakuna jina lingine. Hata yeye ananiita toto, yaani mama, na dada yangu pia alimwita toto. Sasa ningeandika nani?"

Hilo lilikuwa jambo ambalo warsha yangu yote ilijigamba kulifundisha, naye alilijua bila kalamu ya rangi hata moja.

"Huyu mtoto hajawahi kuambia mtu hayo maneno," akaendelea. "Hata rafiki yake. Tulikaa vizuri. Wewe ulimpa nini hadi akasema?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwahidi hakuna mtu angemcheka. Akasema, "Na kweli hakuna amecheka," akanisogezea kigoda kwa mguu.

Kutoka hapo nilienda kwa Mwalimu Okiring. Alikuwa amelala kitandani miguu ikiwa imefunikwa. Nilimsimulia yote, nikitarajia anikaripie. Alisikiliza hadi mwisho akauliza kitu kimoja, kama sakafu ya darasa lile ilikuwa mbovu, yaani kama kulikuwa na sababu ya kutotumia chaki. Nikasema hapana, sakafu ilikuwa nzuri ya saruji.

"Kwa nini hukuniambia unafagia kwa sababu hii?" nikamwuliza. Niliuliza kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, si juu yake.

"Nilidhani unajua." Akafikiri kidogo. "Lakini wewe ni mtu wa Butula. Kwenu mpaka ni mahali mtu anaenda, akirudi amerudi. Huku uko ndani ya nyumba. Kila boma ina maneno yake ya kusema na maneno yake ya kufagia. Ilifaa nikuambie."

Tangu siku ile sijabandika ramani ya mwanafunzi popote, na karatasi za manila zilizobaki nilizigawa kwa walimu wa sayansi. Lakini hilo halikumsaidia Asekenye. Wiki zilikuwa zinaenda. Wenzake walikuwa wanafanya majaribio ya maabara, yeye yuko nyumbani akimsaidia mama yake kupalilia.

Mwalimu mkuu ndiye aliyepata njia. Alinieleza bila kuniangalia. Kamati ingekubali kulifunga jambo hili ikiwa mimi, mwenye warsha, ningeandika barua kusema kwamba ramani zile zilikuwa mchezo wa kubuni. Kwamba wanafunzi waliambiwa watunge maisha ya mtu asiyekuwapo. Na Asekenye aje mbele ya kamati aseme vivyo hivyo kwa mdomo wake. Mwanakamati akikosa ushahidi, picha yake ingebaki picha tu.

Nilimwambia aniachie siku moja nifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mnajua mimi ni mtu wa kanuni, na wengine wenu mmeteseka kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimefundisha ukweli katika shule zaidi ya nilizoweza kuzikumbuka. Lakini upande mmoja kulikuwa na mafundisho yangu, na upande wa pili msichana aliyekuwa ameniamini na ambaye mtihani ulikuwa unamponyoka kwa sababu hiyo. Niliandika barua. Niliiandika vizuri, kwa lugha ya ofisi, nikatia sahihi na muhuri. Humo niliandika kwamba mama aliyechorwa kaburini ni mhusika wa kubuni na hakupata kuishi.

Siku ya kamati tulikaa kwenye maktaba. Asekenye aliingia na sare iliyopigwa pasi, mama yake nyuma yake. Mwenyekiti alisoma barua yangu kwa sauti. Kisha yule mwanakamati akamgeukia msichana.

"Mama yako ni nani?"

"Ni huyu."

"Ulizaliwa wapi?"

"Hapa Moding."

"Na huyu uliandika amezikwa ng'ambo ni nani?"

Alichelewa. Nilitamani mtu agonge mlango, mvua inyeshe, chochote. Mama yake alikuwa ameangalia mikono yake mwenyewe.

"Si mtu," akasema Asekenye. "Nilitunga tu. Ng'ambo hatuna mtu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Madam, ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo," nikasema.

Wakafunga faili. Alirudi darasani kesho yake, akafanya mtihani, akapita vizuri, na leo anasomea uuguzi. Katika ripoti ya mwaka ule niliandika kwamba warsha ya Moding ilifanyika na wanafunzi walishiriki kwa bidii. Wote waliosoma waliridhika. Mimi sikulala vizuri muda mrefu, na sisemi hivyo ili mnihurumie. Mtoto aliyepoteza mama akiwa na miaka mitatu alikuwa amebaki naye katika vitu viwili, kaburi na jina la mahali alipolala. Nilimshawishi avitoe mbele ya watu, kisha nikamsaidia kuvikana.

Wiki moja baada ya mtihani wa mwisho alikuja nyumbani kwangu Butula, safari ndefu, akiwa amevaa nguo za nyumbani. Alikunywa chai. Aliniuliza habari za sukari yangu. Halafu akasema, "Madam, nataka kuenda ng'ambo kwa mama. Nilisema hayuko. Sitaki ibaki hivyo. Nataka tuende na wewe."

Sikuuliza kwa nini mimi. Tulienda Jumamosi. Mimi siku zote nilikuwa mtu wa kupita langoni Malaba, kitambulisho mkononi, hata nilipokwenda kununua vitenge tu. Siku hiyo alinipitisha njia ya panya, kwa sababu hakutaka yeyote wa kamati amwone kwenye daraja. Nilivua viatu nikavuka mto nikimshikilia mkono, nikiwa na umri huu na shahada hii, nikawaza kwamba hii ndiyo mara ya kwanza ninavuka kama wanafunzi wangu wanavyovuka.

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la mtama, mahali pa kawaida tu, limezungushiwa mawe. Mtu alikuwa amepalilia si siku nyingi. Asekenye alipiga magoti akazungumza kwa Kiteso. Sikuelewa maneno mengi. Nilisikia toto, tena na tena, na nilisikia jina la shule. Alizungumza bila kulia, polepole, kama mtu anayeeleza jambo hadi lieleweke. Alipomaliza aliinuka, akapangusa magoti, akanipisha.

"Na wewe, Madam."

"Nitamwambia kwa lugha gani? Kiteso changu unakijua."

"Kiswahili atasikia," akasema. "Aliuza mihogo Malaba miaka mingi."

Basi nikapiga magoti, taratibu kwa ajili ya magoti yangu. Nikamsalimia. Nikamwambia mimi ni Nabwire, mtu wa Butula, mwalimu wa binti yake, na kwamba ni mimi niliyeandika kuwa hakupata kuishi.